Beni: Sauti inafika haraka, tarehe inabaki nyuma

Katika komini ya Mulekera, moja ya komini 4 za mji wa Beni, mtu anayepanda moto asubuhi anauliza barabara mbele ya kuuliza bei. « Kule iko aje? » Motari anatoa telefoni, anafungua odio iliyofika usiku. Mtu anasema risasi zinalia upande wa Mavivi. Hofu iko wazi katika sauti yake. Lakini alisema hayo leo, jana ao mwaka jana? Odio yenyewe haisemi.

Mwaka 1982, Walter Ong, padri Mjesuiti wa Marekani na mtafiti wa mawasiliano, alieleza katika kitabu Orality and Literacy ya kwamba redio, telefoni na televisheni zimeleta usemi wa mdomo wa aina ya pili, uliozaliwa ndani ya dunia ya maandishi. Odio za WhatsApp zinaonyesha hivyo kila siku. Mama asiyejua kusoma anapata habari saa moja na mwalimu. Hiyo ni faida kubwa. Ila komunike ya karatasi ina vitu ambavyo odio inayotumwa toka telefoni hadi telefoni inavipoteza: tarehe, sahihi na muhuri.

Beni na Butembo zinajua bei yake. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha 25 Juni 2020, ikiisha kuua watu 2 287. Wakati ule, maneno ya kwamba ugonjwa ni uongo yalitembea pia kwa telefoni. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu wiki 3. Lakini kukata intaneti hakumfundishi mtu kupima habari.

Hasara iko pande mbili. Odio ya zamani ikimrudisha mama nyumbani, siku hiyo watoto hawakuli. Akidanganywa mara tatu, mara ya nne hatasikia tena, na pengine hiyo ndiyo ya kweli.

Basi kujua kusoma siku hizi si herufi tu. Ni kuuliza: nani anasema, akiwa wapi, siku gani? Anayerekodi naye aanze na jina la mahali, tarehe na saa. Ni maneno machache tu, na motari atajua kama apite ao ageuze.