Probiotiki, Ikivuguto na Meno ya Watoto Wetu



Wazazi na wanafunzi wapenzi, siku hizi tunasikia sana habari za probiotiki, yaani bakteria hai wenye faida, wanaouzwa katika vidonge vya kumumunya ili kulinda meno na fizi. Je, tuwanunulie watoto wetu? Kwa maoni yangu, tusikimbilie.

Kinywani mna bakteria wa aina nyingi. Baadhi yao, kama Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi inayotoboa meno. Makusudio ya probiotiki ni kuleta bakteria wema wawabane hao wabaya. Tafiti zimeonyesha dalili nzuri, hasa kwa fizi na harufu ya kinywa. Lakini wageni hao kwa kawaida hawakai. Ukiacha vidonge, nao huondoka. Basi ni gharama isiyokwisha.

Sisi Burundi tuna ikivuguto, maziwa ya kuganda yenye bakteria hai tangu enzi za mababu. Ni chakula bora, ila si tiba ya jino lililooza. Na ule mtindi wa dukani uliotiwa sukari, ambao wengi wetu hapa Kigobe tunawafungashia watoto wa shule tukidhani ni afya, huwalisha bakteria wale wale tunaotaka kuwapunguza!

Kabla ya vidonge, tuanze na haya:

1. Kusafisha meno mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, hasa kabla ya kulala. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

2. Kupunguza sukari katika chai, soda na biskuti. Na mwezi wa Ramadhani, tusirudi kulala baada ya daku bila kusafisha kinywa.

3. Kuhuisha mswaki wa mti, Sunna aliyoihimiza Mtume (s.a.w.) kwa kila Swala. Uwe pamoja na dawa yenye floridi, si badala yake.

Mtoto anayeumwa jino halali, hali, wala hasikii anachofundishwa shuleni na madrasa. Mwenye uwezo wa kununua vidonge anunue, lakini baada ya kutimiza hayo matatu. Kinga ni bora kuliko tiba.

Wabillaahi tawfiyq.