Mchelea Mwana Kulia

Wazee husema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwa neno hilo fimbo imepewa kiti nyumbani mwetu. Sisi walimu tumeishika vilevile, hatukatai. Lakini methali haikutaja fimbo. Yasema kulia tu, na mtoto hulia hata akinyang'anywa kisu.

Twaona mume ambaye mkewe akiinua sauti kidogo, ama hunyamaza siku tatu, ama hunyanyua mkono. Watu husema ni pombe, wala hawaulizi alilelewaje. Mtoto apigwaye na mtu yule yule amlishaye hujifunza ya kuwa ampendaye ndiye wa kuogopwa. Na moyo uliozoea kusikiliza kwa hofu hatua za baba mlangoni hauachi hofu hiyo kwa kuwa umefunga ndoa kanisani.

Mwaka 1998 madaktari Felitti na Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,000: kadiri mtu alivyopatwa na mateso ya namna nyingi utotoni, ndivyo alivyozidi hatari ya ulevi, huzuni kuu na kutaka kujiua. Na hapa Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2009 uliona ya kuwa karibu robo tatu ya vijana walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hao leo ni wake na waume.

Wengine watajibu, "Mbona sisi tulichapwa, tukawa watu?" Basi na waulizwe wake zao, wao wenyewe wakiwa hawapo.