Onyo Lisingoje Maafa

Tarehe 5 Oktoba, 1999, treni mbili ziligongana Ladbroke Grove, jijini London, zikaua watu 31. Dereva mmoja aliipita taa nyekundu. Uchunguzi ulidhihirisha kwamba taa hiyo hiyo ilikwisha kupitwa mara nane katika miaka iliyotangulia. Onyo lilikuwapo, lililokosekana ni wa kulifanyia kazi.

Kutokana na mapendekezo ya Lord Cullen, mwaka 2003 Uingereza iliunda Bodi ya Usalama na Viwango vya Reli, ambayo wanachama wake ni mashirika ya reli yenyewe. Bodi hiyo haishtaki mtu. Hiyo ni kazi ya Serikali. Yenyewe huweka viwango vya pamoja, huchambua ajali na kasoro, na huendesha utafiti. Aidha, ipo huduma chini yake ambayo kwayo mfanyakazi hueleza hatari aionayo, na jina lake halimfikii mwajiri.

Sisi wa visiwani njia yetu ni bahari. Hatujasahau Spice Islander mwaka 2011, wala Skagit mwaka 2012. Sheria ni lazima, lakini sheria haioni kila kitu; aonaye ni baharia na kuli wa bandarini. Je, anaposhuhudia abiria wamezidi, anaweza kusema bila ya kuhofia riziki yake?

Tunawataka wenye vyombo na viongozi wanaohusika wakae pamoja, wamfungulie njia ya kusema. Tahadhari kabla ya athari.