Maarifa ya Kazi: Zana za Kusafishia Mtutu wa Bunduki

Wazee husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni kweli shambani, maana mwenye bidii hulima hata kwa jembe kuukuu. Lakini kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki, awe askari wa wanyamapori au mkulima mwenye cheti halali, methali hiyo haifai kufuatwa. Yeye asipochagua zana zake, ataharibu kwa mkono wake mwenyewe chuma ambacho risasi nyingi hazikukiharibu. Mafundi wa bunduki wanajua vema kwamba si mitutu michache iliyochakazwa na mdeki mbaya kuliko kuchakazwa na baruti.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo huizungusha risasi kama pia ya watoto ili ishike njia yake. Tutazame bunduki ya Lee-Enfield, ambayo Jeshi la Uingereza liliichagua mwaka 1895, na ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba kwa miaka mingi. Tundu la mtutu wake lina upana wa inchi 0.303, yaani milimita 7.7, na kwa kawaida lina mifereji mitano ipindayo kushoto. Kina cha kila mfereji hakizidi unene wa karatasi mbili. Mahali pa kuangaliwa zaidi ni mdomo wa mtutu, ambapo risasi huagana na chuma. Mdomo ukilika upande mmoja, gesi ya baruti hutoka kwanza upande huo na kuisukuma risasi kando. Basi hata mlenga shabaha hodari atakosa, wala hatajua kwa nini.

Askari wa zamani alipewa kamba ya kuvutia kitambaa, yenye uzito wa shaba upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Kamba hiyo na chupa ndogo ya mafuta vilikaa ndani ya kitako cha bunduki. Kitambaa chake kilikuwa flaneli ya inchi 4 kwa inchi 2. Zana hiyo ilikuwa nyepesi na ya kufaa safarini. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita katika matope na mvua za Burma mwaka 1944, hawangeweza kubeba sanduku la fundi. Lakini kamba ina hila yake. Ikivutwa mshazari, husugua ukingo wa mdomo mahali pale pale kila siku, hasa ikiwa imeshika mchanga, na mwisho hukata chuma kama kamba ya kisima ikatavyo jiwe. Anayeitumia na aivute sawasawa na mtutu, na aifue mara kwa mara.

Nyumbani au katika ghala ya silaha, mdeki ni bora. Ule wa kipande kimoja unashinda ule wa kuungwa kwa vipande, kwa kuwa viungo hulegea, mdeki ukapinda na kukwaruza. Chuma cha pua kilicho laini na kunyooka, au kilichovikwa plastiki, chafaa. Aluminiamu ni laini mno, na chembe za mchanga hujikita ndani yake. Urefu wa futi tatu watosha kwa mtutu wa Lee-Enfield. Mpini nao uwe wa kuzunguka wenyewe, ili kitambaa kifuate mifereji. Toa bolti, kisha ingiza mdeki kwa nyuma, upande wa chemba ya risasi. Ikiwa bunduki haiwezi kusafishwa ila kwa mdomo, weka kikombe cha shaba cha kuuongoza mdeki usiguse ukingo.

Brashi iwe ya shaba na ya kipimo cha mtutu wenyewe. Ya nyuzi za chuma cha pua iachwe. Ipitishe mpaka itoke kabisa ndipo uirudishe. Kwa kitambaa, kichwa chenye ncha ni bora kuliko chenye tundu kama la sindano, kwa sababu kitambaa huanguka chenyewe kwenye mdomo, wala hakirudishi uchafu ndani. Dawa yenye amonia huyeyusha shaba iliyoachwa na risasi, na kitambaa hugeuka rangi ya buluu. Lakini jihadhari: dawa hiyo hula pia brashi na kichwa cha shaba, na mtu aweza kusugua siku nzima akidhani mtutu bado mchafu. Tumia basi brashi na kichwa cha plastiki unapotumia dawa hiyo, na usiiache ndani kupita muda ulioandikwa chupani.

Risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki za klorati ya potasiamu. Fataki hiyo ikilipuka huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huyeyusha. Kwa hiyo mwenye risasi za namna hiyo anahitaji faneli na birika la maji yachemkayo siku ile ile aliyopiga, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta kidogo. Risasi nyingi mpya hazina chumvi hiyo.

Kabla ya yote, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, na weka risasi zote mbali. Ukimaliza, tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga, kwa maana kitambaa kilichosahauliwa humo chaweza kuupasua mtutu usoni pa mpigaji. Na kabla ya kupiga tena, futa mafuta katika mtutu na chemba.

Mdeki mwema haununuliwi kila mwaka. Ufute kila baada ya kupita ndani ya mtutu, uutundike wima mahali pasipo vumbi, na usimwazime mtu kuchochea moto.