Mume Wangu wa Ijumaa, Mume Wangu wa Jumapili

Mwezi huu tuziweke pembeni habari za nyumba ndogo na meseji za usiku wa manane. Kuna kitu kingine kinaingia katikati ya watu wawili wanaopendana, tena hakina jina la mtu. Ni taka zilizomo kwenye damu.

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Biharamulo aliyeolewa Ngara, mumewe figo zilifeli. Sasa wamepanga chumba Mwanza ili shemeji asafishwe damu Bugando, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku moja akanipigia: "Shoga, Ijumaa jioni ninaye mume. Tunacheka, anakula. Ikifika Jumapili hataki hata nimguse. Anajikuna usiku kucha, mdomo unanuka kama mkojo, nikiuliza ananifokea. Hivi amenichoka?"

Jibu langu lilikuwa fupi: hajakuchoka, damu yake imejaa. Acha nieleze, maana najua hayuko peke yake.

Uchafu unatoka wapi?

Ukila nyama, samaki au maharage, mwili unatumia protini na kubakiza taka inayoitwa urea. Misuli nayo, hata ukiwa umekaa tu ofisini, inatoa kreatinini. Figo zenye afya huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, zinarudisha karibu yote na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Zinafanya kazi saa 168 kwa wiki, hazina wikendi wala sikukuu.

Mashine je? Mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara: jumla saa 12. Damu inapita kwenye chujio, taka zinahamia upande wa pili kwenye maji maalumu, damu inarudi mwilini. Daktari Willem Kolff ndiye aliyetengeneza mashine ya kwanza ya aina hiyo nchini Uholanzi mwaka 1943, na imeokoa watu wengi. Lakini saa 12 haziwezi kuwa 168. Taka ndogo kama urea hutoka vizuri. Kipimo kizuri ni urea kushuka kwa angalau asilimia 65 kila anapokaa kwenye mashine. Taka kubwa, na zile zilizong'ang'ania protini za damu, hutoka kidogo sana. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuambiwa "vipimo safi" na bado akajikuna au akakosa usingizi.

Na ile harufu? Urea ikizidi huingia kwenye mate, huko inavunjika na kuwa amonia. Mswaki hausaidii sana. Kwa hiyo shoga yangu, akigeukia ukutani, huenda anaona aibu tu.

Pengo la wikendi

Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna siku mbili nzima bila mashine, na hapo ndipo pa kuwa macho. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa vifo na kulazwa hospitali huongezeka siku inayofuata pengo hilo refu. Urea peke yake siyo mshitakiwa. Kuna maji yanayojaa mpaka kwenye mapafu, na kuna madini ya potasiamu ambayo yakizidi husimamisha moyo, mara nyingine bila kupiga hodi.

Sasa fikiria maisha yetu. Misiba, harusi, vikao vya ukoo, vyote ni wikendi. Simu inatoka Ngara: "Baba mdogo amefariki, tunazika Jumapili." Mwanaume wa kwetu atabaki Mwanza kweli? Barabara ni ndefu: Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Nyakahura, ndipo uione Ngara. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko. Hata hivyo basi likiharibika Jumapili usiku, Jumatatu imepotea, na kukosa mashine siku hiyo siyo mchezo. Ongeeni na kituo kabla ya kusafiri, waone kama siku zinaweza kubadilishwa. Na ndugu mliobaki kijijini, msimwite mtu ana maringo kwa sababu hakuja kuzika.

Chungu cha jikoni

Hapa ndipo wake wa Kagera tunapata mtihani. Ndizi ni chakula chetu, na ndizi ina potasiamu nyingi. Maharage vilevile. Ongeza parachichi, nyanya na viazi, umekamilisha sahani ambayo kwa mtu mzima ni baraka na kwa mgonjwa huyu ni hatari.

Haina maana ale majani tu. Menya ndizi au viazi, katakata vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji hayo, malizia kupika kwa maji mapya. Potasiamu inapungua, ingawa haiishi. Wali mweupe na ugali wa sembe vina nafuu. Chumvi punguza, na magadi kwenye maharage usiweke, nayo yana sodiamu. Halafu usimnyime protini ukidhani unamlinda. Aliye kwenye mashine anaihitaji zaidi kwa sababu nyingine hupotea akisafishwa: yai, kipande cha sato. Kiasi chake mpange na wataalamu wa kituo, pamoja na kiasi cha maji. Mzani wa nyumbani unasaidia: kila kilo inayoongezeka ghafla ni karibu lita moja ya maji yasiyokuwa na pa kutokea.

Na chumbani?

Tuseme ukweli. Taka hizi, upungufu wa damu, homoni kuvurugika na mawazo hupunguza hamu. Wanaume wengi walio kwenye mashine hushindwa tendo, na wanawake hedhi huvurugika. Hiyo ni sehemu ya ugonjwa na ina matibabu. Mwambieni daktari, yeye ameshasikia mengi kuliko hayo. Jamani, msikimbilie vidonge vya nguvu vya kichochoroni wala mizizi ya kwenye chupa. Vingine vitamaliza hata ule uwezo mdogo wa figo uliobaki.

Mfanyie mpenzi wako haya: chagueni siku ambayo mwili wake una nafuu, iwe ndiyo siku yenu. Wengine huchoka sana baada ya mashine na kupata nafuu kesho yake, hivyo muulize yeye. Mambo mazito kama ada za shule na bima msiyaanzishe Jumapili usiku. Pia ulizeni mapema kuhusu kupandikizwa figo. Muhimbili walianza mwaka 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Ila hakuna ndugu anayepaswa kulazimishwa kutoa figo, hata kwa machozi.

Wewe ambaye figo zako bado nzima, presha na kisukari ndivyo vinavyoongoza kuziharibu, na dawa za maumivu za kila siku zinachangia. Nendeni wawili mkapime presha, sukari, mkojo na kreatinini. Mnaweza kupanga kabla ya sendofu, kwani kuna ubaya gani?

Rafiki yangu siku hizi ana kalenda ukutani, Jumapili amezizungushia kalamu nyekundu. Akifokewa siku hiyo anaiangalia kwanza, kisha anampaka shemeji mafuta mgongoni pale panapowasha. Bado wanagombana, lakini anasema siku hizi anajua anagombana na nani.

Tukutane mwezi ujao.