Turubai Linavuja, Nasi Tunanyamaza

Mvua za mwezi wa kumi hazina huruma kwa mgeni. Zilipotufikia mwaka jana, tulikuwa tumekwisha kugawa maturubai kwa familia zilizoshuka kutoka Nyanda za Juu na kupewa mahali pa kukaa pembeni mwa Baraka, si mbali na ziwa. Tulikuwa tumesali pamoja nao, tumeimba, tumepiga picha, kisha tukarudi nyumbani kwetu tukiwa na mioyo myepesi. Usiku wa tatu maji yakaingia katika vibanda vyote vya safu ya chini. Tulipofika asubuhi, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya sufuria iliyofudikizwa, mtoto mgongoni, unga wote wa muhogo umegeuka uji ndani ya mfuko. Hakulia wala hakututukana. Alisema tu: “Asanteni kwa shitingi, ndugu zetu. Lakini mbona hamkutuambia kwamba maji hupita hapa?”

Tulijua. Ndiyo sababu swali lake bado linatuuma. Kiwanja kile tulikikubali kwa kuwa kilikuwa cha bure, na matete yaliyoota mita chache kutoka pale yalikuwa yakitueleza wazi mahali ziwa linapofika linapotaka. Mwaka 2020 na 2021 Tanganyika lilipanda na kumeza nyumba nyingi za ufukweni. Mwaka 2024 likapanda tena. Hatuna haki ya kusema kwamba tulishangazwa.

Na kuna jambo zito zaidi. Wengi wa wanachama wetu wamewahi kuishi chini ya turubai. Tulivuka ziwa mwaka 1996, na wengine mwaka 1998, tukapokelewa mkoani Kigoma, katika makambi ya Nyarugusu na Lugufu. Huko tulilala hemani kwa misimu ya mvua kadhaa kabla ya kufyatua matofali yetu ya udongo. Kuanzia mwaka 2005 tulirudi kwa meli, tukashuka bandarini Baraka na magunia yetu, na baadhi yetu wakaanza tena chini ya plastiki katika viwanja ambavyo nyumba zake zilikuwa zimebomoka. Maarifa tuliyoyapata huko yalitugharimu sana: magodoro yaliyooza, mbegu zilizoota ndani ya gunia, watoto waliokohoa usiku kucha. Lakini tulipopata nyumba za bati tukayafungia maarifa hayo sandukuni pamoja na kadi zetu za mgao wa chakula. Tunaona haya kuyataja. Mtu aliyekuwa mkimbizi hapendi kuitwa fundi wa hema.

Maoni yetu katika ukurasa huu ni kwamba haya hiyo inawaumiza watu, na kwamba kumpa mtu turubai bila kumpa maarifa ya kuishi chini yake ni kumpa nusu ya msaada. Tena nusu iliyobaki haina gharama yoyote, nasi tunayo.

Tuanze na maji, maana ndiyo tuliyokosea. Mtu akiona kibanda kimelowa hutazama juu, akitafuta tundu. Mara nyingi maji hayakupita juu. Yamepita chini, kutoka mteremkoni, kwa sababu kibanda kilisimamishwa kwanza na mtaro ukaachwa ili uchimbwe “kesho”. Mtaro huchimbwa kabla ya nguzo ya kwanza. Udongo wake hurundikwa upande wa ndani uwe tuta, na pindo la turubai hushuka nje ya tuta hilo hadi mtaroni. Wengi wetu, kwa kutaka kuzuia baridi, tulikunja pindo kuelekea ndani, na hivyo tukayaongoza maji yote ya paa yaje kitandani. Kisha mtaro sharti uwe na mahali pa kuishia. Mtaro unaoishia mlangoni kwa jirani ni ugomvi uliochimbwa kwa jembe. Kule Lugufu tuliwahi kuona familia mbili zilizotoka kijiji kimoja zikinuniana msimu mzima kwa ajili ya mtaro wa namna hiyo.

Lipo tena kosa lililotuchekesha baadaye, ingawa siku zile halikuwa kichekesho. Familia moja kati yetu iliamka kila alfajiri na matone usoni, hata usiku ambao mvua haikunyesha. Baba akapanda juu, akaziba, akashuka. Kesho yake matone yaleyale. Kwa siku nyingi aliziba tundu lisilokuwapo. Ni mama mkwe wake aliyesema: “Mwanangu, mvua gani hii inayonyesha ndani tu?” Yalikuwa ni pumzi za watu saba, zilizopanda, zikagusa plastiki iliyopoa usiku, zikageuka maji. Dawa yake haikuwa kiraka. Walifungua matundu mawili ya hewa, moja juu ya mlango na jingine upande wa pili, nayo matone yakapungua. Tunalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu tumeona watu wakitumia kamba, nta na fedha kidogo waliyo nayo kutibu ugonjwa ambao hawakuuchunguza. Jaribio lake ni rahisi: kama matone huja usiku usio na mvua, weka ngazi chini na utafute mahali pa kupitishia hewa.

Upepo nao una somo lake. Baraka hupigwa na upepo wa ziwa, na turubai lililotobolewa popote kwa msumari hupasuka kutoka tundu hilo hadi mwisho. Maturubai ya misaada yana mistari minene iliyoimarishwa, na hapo ndipo pa kufungia kamba. Pasipo na mstari, usitoboe. Chukua kijiwe laini, kifunike kwa plastiki kutoka upande wa ndani, kisha kaza kamba shingoni mwake kama unavyofunga mdomo wa mfuko. Wavuvi wetu hujua mafundo yanayokaza kadiri yanavyovutwa, na mmoja wao, mzee aliyestaafu mitumbwi, alitandaza wavu mkuukuu juu ya kibanda chake na kuufunga mawe pande zote. Vibanda vya jirani zake viliezuliwa. Cha kwake kilibaki, na siku hizi kila mtu anatafuta nyavu kuukuu.

Kuhusu nguzo tutasema machache. Mchwa hula mti mbichi uliochomekwa ardhini hata kabla ya mwaka kwisha. Kuunguza ncha ya chini motoni mpaka iwe nyeusi humchelewesha, wala hilo si siri kwa mtu aliyejenga ua wa mbuzi.

Jambo linalotutia hofu kuliko yote ni moto. Hapa tungeomba msomaji asiharakishe. Baraka, jua la mchana hufanya plastiki iwe kama tanuri, na watu hutandika nyasi juu yake ili kupata kivuli. Nyasi hizo pia hulilinda turubai, kwa maana jua hulila polepole hata likawa la kupasuka kama karatasi. Ni busara. Lakini nyasi hizo hizo, mwezi wa saba zikiwa zimekauka, ni kuni zilizorundikwa juu ya watoto waliolala. Fizi ya mlimani tatizo hugeuka: baridi ya usiku huwafanya wazazi waingize mbabula ndani, wafunge mlango na kuziba kila tundu. Wakiokoka moto, wanakabiliwa na makaa yenyewe, ambayo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Tumewahi kusikia vifo vya namna hii vikidaiwa kuwa uchawi, na jirani asiye na kosa akinyoshewa kidole. Ole wetu ikiwa tulijua sababu tukakaa kimya msibani.

Kwa hiyo jiko likae nje, upande upepo usikoelekea kibandani, chini ya paa dogo la peke yake. Mtoto anayehisi baridi apashwe kwa mawe yaliyopashwa moto na kuvingirishwa katika nguo, kama bibi zetu walivyofanya. Na kati ya kibanda na kibanda pawe na nafasi. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada hutumia duniani kote, unataka angalau mita 2 kati ya makazi na makazi, na mita 3.5 za mraba za kulala na kukaa kwa kila mtu. Hebu tufanye hesabu. Turubai la kawaida lina mita 4 kwa 5. Likitandazwa chini lote ni mita 20 za mraba, na likisimamishwa kuwa paa lenye mteremko hufunika pungufu ya hapo. Familia ya watu wanane inahitaji mita 28. Sisi tuliwapa turubai moja moja, wakubwa kwa wadogo, tukiamini kwamba usawa ndio haki. Hatukuhesabu vichwa.

Tulipolileta jambo hili katika mkutano wetu, halikupokelewa na wote. Kaka mmoja aliinuka akasema kwa uchungu: “Mnataka tuwafundishe watu kuishi vizuri katika hema? Mnawazoesha ukimbizi. Wafundisheni kudai amani warudi makwao.” Wengine walipiga makofi, na hatutasema kwamba hoja yake ni nyepesi. Tumewaona watu waliozoeshwa. Tumeona pia wakubwa wanaofurahi mahema yakipangwa vizuri, kwa sababu mahema yaliyopangwa vizuri hayapigi kelele, na wageni wakipita huambiwa kwamba mambo yanaendelea. Kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu Warundi. Watoto waliozaliwa humo mwaka ule ni wavulana na wasichana wakubwa sasa. Nani aliyewaambia wazazi wao siku ya kwanza kwamba watahesabu miaka kiasi hicho?

Lakini hatukubaliani na ndugu yetu kuhusu jambo moja. Mvua haingoji mapatano. Mtoto anayelala mahali pakavu usiku wa leo hajaacha kuwa na haki ya kijiji chake, na mama asiyeamka kila saa kushika nguzo ana nguvu zaidi ya kudai. Nasi wenyewe ni mashahidi: tulichimba mitaro Lugufu, tukafyatua matofali Lugufu, tukapanda mihogo Lugufu, na bado siku meli ilipoitwa tulipanda. Hakuna mtaro uliotushika miguu. Mtume Paulo alikuwa mshona mahema kwa kazi ya mikono yake, akafanya kazi hiyo Korintho pamoja na Akwila na Priskila; na hao wawili walikuwa wamefukuzwa Roma. Hatudhani kwamba mtu alimlaumu kwa kuwashonea wasafiri hema imara.

Lawama nyingine ilitugusa zaidi, nayo haikutoka kwetu. Baba mmoja aliyehama mara tatu alituambia kwamba yeye hahitaji kufundishwa hema. Yeye ndiye mwalimu. Alisema kweli. Katika kuzunguka vibandani tumekuta mambo ambayo sisi wa Nyarugusu hatukuyajua: mlango unaotazamana na mlango wa jirani ili watoto walindwe na macho mawili, kitanda cha miti kilichoinuliwa kiasi ambacho mbuzi hulala chini yake na kupasha joto, mkojo wa mchana wa watoto wadogo kupelekwa mbali na njia ya mtaro. Tulikwenda kufundisha tukarudi na daftari lililoandikwa na wao. Bado tunaona aibu kidogo kwamba wazo la kuwauliza lilikuja baada ya mafuriko na si kabla yake.

Basi tumeamua, na tunawaandikia ninyi ndugu wa mashirika yote, ya Fizi na ya Baraka, mjue na mtusaidie. Hatutagawa tena turubai bila kamba, na hatutagawa kamba bila jembe la kuazimwa. Kila mgao utatanguliwa na kutembelea kiwanja pamoja na mtu mzima aliyezaliwa karibu nacho, ambaye ataulizwa swali moja: maji hupita wapi? Kila ajali, ndogo au kubwa, itaandikwa katika daftari: nini kilitokea, tulidhani ni nini, ilikuwa nini kweli. Jina la mwenye kibanda halitaandikwa. Daftari litasomwa kwa sauti kila mwezi, na ukurasa wa kwanza ni wa kosa letu wenyewe la kiwanja cha matete.

Familia za safu ya chini zimekwisha kuhamia juu kidogo, karibu na mikaratusi, kwa ruhusa ya mwenye shamba, ambaye amewapa hadi mavuno na amekataa kabisa nyumba za udongo kwa kuhofia kwamba hawataondoka. Bado tunazungumza naye. Mitaro haijaisha kuchimbwa. Tutakutana pale Jumamosi saa moja asubuhi, baada ya misa. Mwenye jembe aje nalo, na mwenye wavu mkuukuu asiutupe.