SINEMA YA MWEZI HUU: Panga Ndani ya Safari



Sisi wa kambini tukiteremka Kigali, gari linatushusha Nyabugogo. Huko vijana wanapenda kujaziwa filamu kwenye flashi: vita, karate, za Kihindi, nyingi zikiwa za agasobanuye, yaani na msimuliaji anayeeleza kila kofi kwa Kinyarwanda. Ni burudani, sikatai. Lakini mwezi huu tumetazama filamu ambayo msimuliaji angekosa la kusema, maana uzito wake uko kwenye ukimya. Inaitwa Munyurangabo.

Ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2007. Aliyeitengeneza ni Lee Isaac Chung, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Aliipiga hapa Rwanda kwa siku 11 tu, na wachezaji wakuu hawakuwa waigizaji wa kazi. Maneno yote ni Kinyarwanda.

Ngabo, kijana Mtutsi, anaiba panga sokoni Kigali. Anaondoka na rafiki yake Sangwa, Mhutu, kwenda kumtafuta mtu aliyemwua baba yake mwaka 1994. Njiani wanapita kwao Sangwa, ambaye hajaonekana nyumbani miaka mitatu. Mama anafurahi. Lakini baba hamtaki yule rafiki, na taratibu urafiki unaingia ufa.

Wenzangu walilalamika: "Mbona inaenda polepole hivi? Watu wanalima tu!" Mimi naona hapo ndipo penye funzo. Chuki ya filamu hii haiji na bunduki. Inakuja nyumbani, pamoja na chakula, kwa sauti ya mzazi. Sangwa hakuzaliwa nayo.

Jamani, hilo linatugusa. Watoto wetu wengi wamezaliwa kambini. Vita hawakuiona, wanaijua kwa midomo yetu. Jioni tukisema "wale watu" mbele ya sufuria, tunadhani wanacheza, kumbe wanasikia. Kuwaambia ukweli wa yaliyotupata ni haki yao. Kuwapa adui wa kurithi ni jambo lingine kabisa.

Mwisho wake siwaambii. Angalieni tu maji. Wazazi, itazameni kwanza ninyi, halafu pamoja na vijana wakubwa. Ikiisha, msiwahi kuzima na kulala. Waulizeni: "Wewe ungekuwa Ngabo, ungefanya nini?" Kisha nyamazeni, muwasikilize.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.